Vinasaba Vimeshataja Mtu. Sasa Tamthilia ya Mauaji Isimulie Nini?

Kwa karibu karne nzima hadithi ya mauaji ilijengwa juu ya mazungumzo. Maiti inakutwa chumba cha vitabu, nyumba ina watu saba, kila mmoja ana lake moyoni, na mpelelezi anawahoji mmoja mmoja hadi uongo wa huyu ugongane na uongo wa yule. Mwishowe wote wanaitwa sebuleni na muuaji anatajwa mbele ya wenzake. Muundo huo ulisimama kwa sababu habari zote muhimu zilikuwa midomoni mwa watu.

Mpeleke mtaalamu wa eneo la tukio katika nyumba hiyo leo. Atapangusa mpini wa kisu, ukingo wa glasi na kitasa cha mlango, atakata kucha za marehemu na kuzifunga kwenye bahasha, atakusanya simu saba na kuomba picha za kamera ya getini. Kabla mpelelezi hajamaliza duru ya kwanza ya mahojiano, orodha ya washukiwa imeshapungua hadi mmoja au wawili. Filamu ya dakika 90 imekatika roho dakika ya 12.

Waandishi wengi wa filamu wamejibu kwa kukimbia. Wapo wanaoirudisha hadithi miaka ya 1930, ambako hakuna kamera wala maabara. Wapo wanaowafungia wahusika kisiwani, dhoruba imekata mtandao na polisi hawafiki hadi asubuhi. Wengine wanaumba muuaji anayejua kila kitu, asiyeacha hata unywele. Na lipo kundi lililotawala televisheni tangu kituo cha Marekani cha CBS kianze kurusha tamthilia ya CSI Oktoba 2000, ambalo limeifanya maabara yenyewe kuwa mpelelezi: mashine inalia, sura ya mtu inatokea kwenye skrini, kesi imekwisha.

Makundi yote haya yanaamini kwamba sayansi ikiingia mlangoni, fumbo linatokea dirishani. Kesi halisi zinaonyesha vingine. Maabara inajibu vizuri sana swali la alama hii ni ya nani. Haijibu ilifikaje pale, ilifika lini, na nani aliishika kabla haijafika mezani kwa mkemia. Fumbo la mauaji limehamia kwenye maswali hayo, na mwandishi anayetaka kuandika kuhusu zama hizi inabidi alifuate huko.

Mabishano haya yana umri mkubwa kuliko sinema yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19 arseniki ilikuwa sumu iliyopendwa na wauaji wa majumbani Ulaya: ilichanganyika na chakula bila kujulikana, na dalili zake, kutapika na kuharisha, zilifanana na za kipindupindu. Mwaka 1836 mkemia wa Uingereza James Marsh alitangaza kipimo kilichoweza kuonyesha hata chembe ndogo ya sumu hiyo ndani ya maiti. Mwaka 1840 kikatumika Ufaransa katika kesi ya Marie Lafarge, aliyeshtakiwa kumuua mumewe. Wakemia wa mwanzo walitoa majibu yanayopingana, akaitwa mtaalamu wa sumu Mathieu Orfila kutoka Paris, naye akaikuta arseniki mwilini. Lakini ilimbidi pia aonyeshe kwamba sumu ile haikutoka kwenye udongo wa kaburi, na wapinzani wake wakahoji usafi wa kemikali zilizotumika kupimia. Kipimo kilikuwa na miaka minne tu, na tayari watu walishaacha kubishana kama sumu ipo. Walibishana imetoka wapi.

Vinasaba navyo vilianza hivyohivyo. Alec Jeffreys aligundua njia ya kuwatofautisha watu kwa vinasaba Septemba 1984 katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Katika mkoa huohuo polisi walikuwa na kesi ya wasichana wawili wa miaka 15, mmoja aliuawa 1983 na mwingine 1986, na kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri mojawapo ya mauaji hayo. Kazi ya kwanza ya kipimo ilikuwa kumtoa kijana huyo hatiani: shahawa zilizopatikana kwenye miili yote miwili zilikuwa za mwanamume mmoja, na hakuwa yeye. Polisi wakachukua sampuli za wanaume wapatao 5,000 wa vijiji vya jirani. Hakuna iliyolingana. Muuaji, mwoka mikate aitwaye Colin Pitchfork, alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Siri ilitoka mwaka 1987, mwenzake huyo alipoisimulia baa na mmoja wa waliosikia akaenda polisi. Pitchfork alihukumiwa Januari 1988.

Hebu mwandishi auangalie mpangilio huo. Kukiri kwa uongo, sayansi inayomwokoa asiye na hatia, msako mkubwa usiozaa kitu, damu iliyotolewa kwa jina la mwingine, na mwisho maneno ya baa. Kesi ya kwanza ya mauaji kutumia vinasaba ilihitaji maabara, na ilihitaji mdomo wa mtu vilevile.

Ili kujua fumbo linaweza kuwekwa wapi, lazima kuifahamu safari ya sampuli yenyewe. Chukua doa la damu lililokauka kwenye kitasa. Kijiti cha pamba kinaloweshwa kwa tone moja au mawili ya maji safi yaliyoandaliwa kwa kazi hiyo, kinazungushwa juu ya doa, kisha kijiti cha pili kikavu kinapitishwa palepale kunyonya unyevu uliobaki. Vyote viwili vinaachwa vikauke kwa hewa na kuwekwa kwenye kiboksi au bahasha ya karatasi. Plastiki haifai: unyevu unabaki ndani, bakteria na ukungu wanaota, na vinasaba vinaanza kuharibika. Filamu nyingi huonyesha shati lenye damu mbichi likitumbukizwa kwenye mfuko wa plastiki unaong'aa, na hakuna mhusika anayeshtuka. Mwandishi anayelijua jambo hili ana tukio zima mkononi: askari mpya, joto la Februari, gari lililoegeshwa juani na mfuko uliofungwa vizuri kupita kiasi.

Maabara sasa. Seli zinavunjwa ili vinasaba vitoke, kisha kiasi chake kinapimwa. Kinachotakiwa ni kama nanogramu moja, yaani vinasaba vya seli zipatazo 150. Vikizidi mno matokeo yanavurugika. Vikipungua mno baadhi ya alama hazionekani, au zinaonekana alama zisizokuwepo. Vinasaba hivyo vinazidishwa kwa mashine, mizunguko 28 hadi 30, kila mzunguko ukikaribia kuviongeza mara mbili. Mwisho vinapitishwa kwenye mrija mwembamba wenye umeme vinakopangwa kwa urefu, na kompyuta inachora vilele. Kinachotoka ni jozi za namba, kwa mfumo wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kwenye sehemu 20 za vinasaba tangu Januari 2017, kabla ya hapo zilikuwa 13. Sura haimo wala jina halimo. Pasipo mtu wa kulinganishwa naye, au rekodi yake kwenye kanzidata, namba hizo hazisemi chochote.

Kazi ya mikono na mashine huchukua siku moja au mbili sampuli ikiwa nzuri. Foleni ndiyo inayokula wiki na miezi. Kuna mashine ndogo zinazomaliza kwa kama dakika 90, lakini zimebuniwa hasa kwa mate ya mtu mmoja yaliyochukuliwa shavuni, si kwa doa lililochanganya damu za watu watatu. Na mwili ukishaoza inabidi kwenda kwenye mfupa au jino, na hapo hesabu ya muda inabadilika kabisa. Wakenya wameliona hili kwa uchungu: miili ilianza kufukuliwa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Aprili 2023, ikapita 400, na familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024. Familia inayosubiri karibu mwaka mzima namba zilingane ni hadithi ambayo mashine inayolia kwa sekunde tatu haiwezi kuisimulia.

Tuje kwenye swali la ilifikaje. Polisi wa Ujerumani, Austria na Ufaransa walimsaka kwa miaka mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilikutwa kwenye matukio yapatayo 40, la mwanzo la 1993: mauaji, uvunjaji wa nyumba, wizi wa magari, na Aprili 2007 mauaji ya askari polisi wa kike mjini Heilbronn. Zawadi ya euro 300,000 ilitangazwa. Hakuna shahidi aliyewahi kumweleza kwa namna inayofanana na mwenzake. Mwaka 2009 vinasaba vyake vikatokea pale wachunguzi walipokuwa wakijaribu kumtambua mwanamume aliyekufa kwa moto, jambo lisilowezekana, ndipo wakaanza kuchunguza vifaa vyao wenyewe. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichoandaa vijiti vya pamba. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, lakini kutakasa kunaua bakteria bila kuondoa vinasaba. Kiwango cha kimataifa cha vifaa visivyo na vinasaba vya binadamu, ISO 18385, kilitolewa 2016.

Kisa kingine ni cha California. Novemba 2012 tajiri mmoja aliuawa nyumbani kwake kaunti ya Santa Clara, na chini ya kucha zake vilipatikana vinasaba vya mtu asiye na makazi. Mtu huyo alishtakiwa kwa mauaji na kukaa mahabusu zaidi ya miezi mitano. Yeye mwenyewe hakukumbuka usiku ule kwa ulevi na hakuweza kujitetea. Wakili wake alipopekua faili la hospitali akakuta kwamba saa za mauaji mteja wake alikuwa amelazwa. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomchukua mlevi yule ndio haohao walioitwa saa chache baadaye kwa tajiri, na kifaa cha kupimia mapigo ya moyo kinachobanwa kidoleni kikadhaniwa ndicho kilichobeba chembe zake. Maabara haikukosea hata namba moja. Vinasaba vilikuwa vyake kweli.

Visa hivi viwili vinafundisha jambo ambalo watunzi wa tamthilia hawajalitumia ipasavyo: kitu kilichodhaniwa kuua hadithi ya nyumba ya watu saba ndicho kinachoifufua. Watu wanaoishi pamoja wana haki ya kuwa na vinasaba kila mahali. Vya mume kukutwa kwenye shingo ya mkewe, vya mpishi kwenye mpini wa kisu cha jikoni, vya mtoto wa kambo kwenye mto wa kitanda; wakili yeyote mzuri atasema, ndiyo, anakaa hapa. Sayansi inamnasa kwa urahisi mgeni aliyepita. Kwa aliyekula chakula cha jioni meza moja na marehemu, inarudisha kesi palepale kwa mpelelezi na maswali yake: nani alikuwa chumba gani, nani alifua shuka, kwa nini taulo hili limelowa. Mtunzi anayekimbilia kisiwa na dhoruba anaondoka kwenye nyumba ambayo bado ina hadithi nzuri kuliko zote.

Saa ya kifo ni eneo lingine ambalo skrini imelidanganya. Mwanapatholojia anainama, anagusa shavu la maiti na kusema, "Alikufa kati ya saa tatu na saa tatu na nusu usiku." Hakuna anayeweza kusema hivyo kwa haki. Njia inayoheshimiwa zaidi hupima joto la ndani ya mwili kupitia njia ya haja kubwa, joto la chumba, uzito wa marehemu na nguo alizovaa, kisha kuviweka kwenye chati iliyobuniwa na Mjerumani Claus Henssge. Hata mazingira yakiwa mazuri, chati hiyo ina ukingo wa saa 2.8 kila upande, maana yake dirisha la zaidi ya saa tano na nusu. Na chati hutegemea mwili kupoa. Katika chumba kisicho na feni Mombasa au Dar es Salaam, hewa ikiwa nyuzi 31, mwili wa nyuzi 37 una nyuzi sita tu za kupoteza. Mchoro unakaribia kulala, na kosa la nusu nyuzi kwenye kipimajoto linaweza kusogeza jibu kwa saa nyingi.

Dalili nyingine zinasaidia kwa kukadiria tu. Kukakamaa huanza kuonekana kwenye taya na shingo baada ya saa 2 hadi 4, huenea mwili mzima kufikia saa 12 hivi, kisha hulegea, na joto huharakisha yote. Damu huvilia upande wa chini wa mwili na baada ya saa 8 hadi 12 haihami tena kwa urahisi, hivyo maiti iliyolala chali huku madoa yake yako kifuani imegeuzwa na mtu. Nzi wa mizoga hufika mchana ndani ya dakika chache mwili ukiwa wazi, na umri wa funza wao unaweza kuhesabiwa, mradi mtaalamu awe na takwimu za nzi wa eneo lile na joto la siku zile. Usiku hutaga kwa nadra sana.

Kwa mtunzi, dirisha la saa tano au sita ni neema. Ushahidi wa zamani wa "saa tatu nilikuwa harusini" hautoshi tena. Lazima mtu ajieleze kuanzia magharibi hadi karibu usiku wa manane, na hakuna binadamu ambaye usiku wake mzima una mashahidi. Washukiwa wanaongezeka.

Luminoli, ile dawa inayong'aa buluu gizani, nitaipitia haraka. Mwanga wake ni hafifu na hufifia ndani ya sekunde chache, hupigwa picha kwa kuacha lenzi wazi muda mrefu, na dawa yenyewe ni majimaji yanayoweza kuzimua doa, ndiyo maana hunyunyiziwa pale njia nyingine zimeshindwa. Inang'aa pia kwa jiki, kwa shaba na kwa baadhi ya mboga. Mhusika anayeona ukuta uking'aa na kutamka "ni damu" amefanya kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekatwa alama. Linalofuata ni kipimo cha kuthibitisha kwamba ni damu, na cha kuthibitisha kwamba ni ya binadamu, halafu ndipo vinasaba.

Alama za vidole zinastahili muda zaidi, kwa sababu hapo kosa linakaa kwa mtu kuliko kwa mashine. Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid. Polisi wa Hispania walipata alama kwenye mfuko wenye vilipuzi na kuisambaza. Kompyuta ya FBI ilitoa orodha ya watu 20 wenye alama zinazokaribiana, na mmoja wao alikuwa wakili wa Oregon aliyesilimu. Wataalamu wa FBI wakasema ni yake kwa uhakika wa asilimia 100, na hata mtaalamu wa nje aliyeteuliwa na mahakama akakubaliana nao. Wahispania walikuwa wameshaeleza shaka yao, na baadaye wakamtaja mtu mwingine, raia wa Algeria. FBI iliomba radhi, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ililipa dola milioni 2. Kila aliyekuja kuhakiki alijua mwenzake ameshasema nini. Ukishaambiwa mistari hii inafanana, jicho linaanza kuitafutia ufanano, na tofauti ndogo linaieleza kuwa ni uchafu au mkandamizo. Mwaka 2015 FBI ilikiri tatizo pana zaidi kwenye ulinganishaji wa nywele kwa darubini: katika angalau asilimia 90 ya kumbukumbu za kesi zilizopitiwa wakati huo, wataalamu wake walikuwa wametoa ushahidi uliovuka mipaka ya sayansi. Tamthilia ambayo mtaalamu mwaminifu, mwenye nia njema, anampeleka mtu gerezani kwa sababu alisoma muhtasari wa kesi kabla ya kutazama alama, ingenitisha kuliko muuaji yeyote mwenye kinyago.

Simu nayo imeshtakiwa kuua hadithi, kwa kuwa inajua mwenye nayo yuko wapi. Rekodi ya kampuni ya simu inataja mnara uliohudumia mawasiliano, na kwa kawaida upande wa mnara huo, theluthi moja ya duara. Mjini eneo hilo ni mitaa kadhaa. Vijijini ni kilomita nyingi, na mnara wa karibu ukizidiwa simu hudaka wa mbali. Mwaka 2019 Denmark iligundua hitilafu katika programu iliyokuwa ikigeuza data za makampuni ya simu kuwa ushahidi. Ikasimamisha matumizi yake mahakamani kwa miezi miwili na kupitia upya kesi zipatazo 10,700. Kwetu kuna la ziada: kujua laini ilikuwa wapi hakukuambii nani alikuwa ameishika. Tanzania imesajili laini upya kwa alama za vidole kuanzia 2019, lakini nyumba nyingi bado zina simu inayopita mikononi mwa watu watatu, na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mjomba inatumiwa na mpwa. Mtunzi wa Nairobi au Mwanza anajua hili bila kufundishwa, na bado mhusika wake polisi hutazama nukta nyekundu kwenye ramani na kutangaza, "Yuko pale."

Njia mpya kabisa imezaa aina ya hadithi ambayo haikuwepo. Aprili 2018 polisi wa California walimkamata Joseph James DeAngelo kwa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980. Hakuwa kwenye kanzidata yoyote ya polisi. Walipakia vinasaba vya muuaji kwenye tovuti ya GEDmatch, wanakotafutana watu wa ukoo mmoja, wakapata ndugu wa mbali, wakajenga mti wa familia kwa vyeti vya kuzaliwa na matangazo ya vifo hadi wakabaki na majina machache, kisha wakachukua kwa siri sampuli kwenye kitasa cha gari lake na taka zake. Mwaka 2020 alikiri mauaji 13. Binamu anayetema mate kwenye kichupa ili ajue asili ya babu zake, akafungua mlango wa gereza kwa mtu ambaye hajawahi kumwona, anabeba uzito wa kifamilia ambao jamii zetu za koo na misiba ya pamoja zingeuelewa haraka.

Kuna swali linalotangulia yote haya: je, kuna mtu aliyeshuku? Daktari wa Uingereza Harold Shipman aliwaua wagonjwa wake kwa dawa ya jamii ya morfini, na uchunguzi wa serikali ulihesabu waathirika 215. Dawa hiyo hubaki mwilini na hupimika. Kwa miaka mingi haikupimwa kwa sababu wengi walikuwa wazee, na daktari mwenyewe ndiye aliyesaini cheti cha kifo. Aliponaswa 1998 ni kwa sababu ya wosia wa kughushi uliochapwa kwa taipureta yake, na kompyuta yake ya zahanati ilikuwa imetunza saa halisi ambazo alirudi kubadilisha kumbukumbu za wagonjwa.

Hapa Afrika Mashariki swali hilo lina makali ya pekee. Mwambao wa Waislamu marehemu huzikwa siku hiyohiyo ikiwezekana. Bara vijijini, mwili unaweza kuzikwa bila daktari kuuona. Josho la maiti lenyewe huondoa karibu kila kitu ambacho mtaalamu angekitafuta juu ya ngozi: nyuzi za nguo, mate, udongo, chembe za ngozi ya mtu mwingine. Lakini mosha maiti anaona. Anaona mchubuko nyuma ya sikio, vidoa vidogo vyekundu kwenye kope za ndani, alama ya kamba iliyofichwa na kola. Ni shahidi ambaye sijaona tamthilia ikimtumia inavyomstahili: mtu aliyefundwa kusitiri aibu ya marehemu, ambaye sasa ndiye peke yake ajuaye kwamba kifo kile hakikuwa cha maradhi. Akinyamaza, kaburi linafungwa. Akisema, inahitajika amri ya mahakama kufukua, na kila siku inayopita mwili unapoteza ushahidi. Wiki moja ya uamuzi huo ina hadithi kubwa kuliko maabara nzima.

Na kesi ikifika mahakamani, mara nyingi haianguki kwa sayansi mbovu bali kwa karatasi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, iliweka wazi kwamba lazima iwepo kumbukumbu ya maandishi inayoonyesha mfuatano wa kukamata kielelezo, kukihifadhi, kukihamisha, kukichunguza na kukitoa mahakamani. Nani alisaini? Saa ngapi? Kabati lina funguo ngapi? Koplo aliyekipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali alilala wapi njiani? Baadaye mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba si kila kitu kinadai ukali huo, hasa kisichoweza kubadilishwa mikononi kirahisi, lakini chupa ya damu haimo kwenye kundi hilo. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza kifaa kilichotoa nakala ya kielektroniki na namna ilivyotolewa. Picha ya kamera inayomwonyesha mshtakiwa akitoka na kisu inaweza kukataliwa kwa kukosa karatasi moja. Watazamaji wataikasirikia hukumu hiyo, na hasira hiyo ni ya kweli, kwa kuwa wengi wao wana ndugu aliyepitia kitu kama hicho.

Wanaotetea mashine inayolia husema watazamaji wameshaizoea na hawatavumilia polepole hii. Jaji Donald Shelton wa Michigan alilipima jambo la karibu na hilo mwaka 2006 kwa kuwauliza watu zaidi ya 1,000 walioitwa kukaa kwenye juri, yaani baraza la raia linaloamua hatia. Asilimia 46 walitarajia ushahidi wa kisayansi katika kila kesi ya jinai, na waliotazama CSI walitarajia zaidi. Lakini utazamaji huo haukuonekana kubadilisha sana namna ambavyo wangetoa uamuzi. Mtazamaji anapenda maabara, na bado anaweza kufuata hoja ngumu akipewa.

Kwa anayetaka kuandika, nyenzo ziko karibu na ni bure. Hukumu za mauaji zinasomeka mtandaoni, za Tanzania kwenye TanzLII na za Kenya kwenye Kenya Law. Asianzie kwenye adhabu. Aende moja kwa moja pale jaji anapoeleza shahidi wa maabara aliulizwa nini na wakili wa utetezi, na alishindwa kujibu nini: bahasha iliyofika bila lakiri, tarehe mbili tofauti kwenye fomu moja, sampuli ya kulinganishia iliyochukuliwa na askari yuleyule aliyetoka kushika nguo za marehemu. Aandike sentensi hizo kwenye daftari, kisha ajiulize nani katika nyumba ya watu saba alikuwa na faida bahasha ile ifike ikiwa wazi.